UZI: Kujifunza kuprogramu roboti zenye umbo la binadamu ukiwa Mwanza, kwa ajili ya shule na utafiti

MwalimuWaMalimbe

Wakuu, habari za jioni.

Kuna swali linanifuata karibu kila nikiingia humu. Mtu yupo Mwanza, Geita au Musoma, anataka kujifunza kuprogramu roboti zenye umbo la binadamu, zile za kichwa, mikono miwili na miguu miwili, na hajui aanzie wapi kwa sababu hajawahi kuiona hata moja kwa macho. Wengine wamekata tamaa kabisa wakiamini haya ni mambo ya Japani na China. Mimi nafundisha kompyuta huku Malimbe, na Jumamosi tunakaa na kikundi cha vijana wa sekondari na wa chuo kufanya kazi hiihii. Naandika ninayoyajua, wajuzi wataongeza.

La msingi nalisema mapema: kukosa roboti kusikuzuie kuanza. Hata maabara kubwa za nje hazipeleki programu mpya moja kwa moja kwenye mashine. Zinaijaribu kwanza kwenye simuleta, yaani programu inayoigiza dunia yenye uvutano, msuguano na uzito. Roboti ikianguka humo unabonyeza kitufe, inasimama tena. Ya kweli ikianguka, gia ya kifundo cha mguu inakatika na spea yake huipati mtaa wowote wa mji huu. Kwa hiyo laptopu uliyonayo leo ndiyo maabara yako.

Kwa mtu anayeanza napendekeza NAO. Ni roboti ndogo iliyobuniwa na kampuni ya Aldebaran ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 2005. Ina urefu wa sentimita 58, uzito wa kilo tano na ushee, na viungo 25 vinavyojongea: viwili shingoni, 12 mikononi pamoja na viganja, na 11 miguuni. Utauliza mbona miguu miwili ina namba witiri. Nyonga zote mbili zinatumia mota moja ya kugeuza, kwa hiyo ukigeuza paja la kushoto, la kulia nalo linageuka. Lijue hilo mapema, maana siku utakapotaka roboti igeuke huku inatembea, hapo ndipo hesabu zinapokataa kutoka na mtu anaanza kuilaumu kompyuta.

Kwa nini NAO na si nyingine? Mwaka 2008 ilichukua nafasi ya Aibo, yule mbwa wa Sony, kwenye ligi ya RoboCup ambamo timu zote zilikuwa zinacheza mpira kwa mashine ya aina moja na kilichoshindana ni programu tu. Tangu hapo vyuo vingi vimeandika, vimechapisha, na baadhi yao, kama timu ya B-Human ya Bremen, Ujerumani, wanaweka msimbo wao, yaani maandishi ya programu zao, wazi mtu yeyote ausome. Ukikwama, kuna mtu alishakwama hapohapo kabla yako na akaandika alivyojinasua.

Simuleta yenyewe inaitwa Webots. Ilianzia chuo cha EPFL kule Lausanne, Uswisi, mwaka 1996, na tangu Desemba 2018 ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inakubali Windows, Linux na Mac. NAO imo ndani tayari, huna cha kuchora. Laptopu ya Core i5 yenye RAM ya GB 8 inafanya kazi, zima tu vivuli na upunguze ubora wa picha. Faili lake ni kubwa, subiri bando la usiku au pakulia chuoni.

Ukishaifungua, tafuta dunia ya mfano yenye NAO, kisha badilisha programu inayoiendesha uweke hii:

```
from controller import Robot

roboti = Robot()
hatua = int(roboti.getBasicTimeStep())

bega = roboti.getDevice("RShoulderPitch")
mizani = roboti.getDevice("inertial unit")
mizani.enable(hatua)

while roboti.step(hatua) != -1:
    bega.setPosition(-1.0)
    print(mizani.getRollPitchYaw())
```

Mkono wa kulia utanyanyuka, na chini ya skrini utaona namba tatu zikikimbia: kulala upande, kuinama mbele au nyuma, na kugeuka. Namba hizo na ile -1.0 ziko kwa radiani, siyo digrii. Radiani moja ni kama digrii 57.3. Sasa zitazame vizuri. Mkono unapopanda, mwili mzima unayumba kidogo ingawa hukuugusa, na ile namba ya pili inakuambia umeyumba kiasi gani. Usiharakishe kwenda mbele kabla hujalielewa hilo. Kila kiungo kinachosogea kinahamisha uzito, na uzito ukihama miguu lazima ijibu.

Ule mzunguko wa mwisho, soma vihisi, amua, tuma amri kwa mota, kisha rudia, ndio moyo wa kila roboti inayotembea duniani.

Nitaendelea kadiri maswali yanavyokuja.

---

Rock_Kijana

Wabeja sana mkuu. Nimeweka kambi hapa. Swali la haraka: ile roboti G1 ya kampuni ya Unitree ya China inayopiga ngumi mitandaoni, mtu akiwa na hela si bora aagize hiyo moja kwa moja?

---

MwalimuWaMalimbe

Mkuu Rock_Kijana, G1 ilitangazwa mwaka 2024 kwa bei ya kuanzia dola 16,000, kabla ya usafiri na ushuru. Hiyo ni roboti ya kama mita 1.3 na kilo 35. Jambo ambalo wengi hawalisomi ni kwamba toleo la bei hiyo unaliendesha kwa rimoti tu. Ukitaka kuingia ndani uandike programu yako, unahitaji toleo la elimu, ambalo bei yake iko juu zaidi. Sasa fikiria chuo kinatumia fedha zote hizo kwa kitu ambacho wanafunzi watakitazama kikicheza.

Na kama unaipenda G1, habari njema ni kwamba umbo lake la kidijitali lipo bure kwenye MuJoCo, simuleta nyingine ambayo DeepMind, kampuni ya akili bandia iliyo chini ya Google, waliinunua mwaka 2021 na kuiachia wazi mwaka 2022. Hiyo ndiyo watafiti wengi wanaitumia kufundisha roboti kutembea kwa kujaribu na kukosea maelfu ya mara. Anza na Webots, miguu ikikolea nenda MuJoCo.

Niongeze jambo kuhusu kutegemea kampuni. Aldebaran hiyohiyo iliyotengeneza NAO ilichukuliwa na SoftBank ya Japani, ikauzwa tena kwa Wajerumani mwaka 2022, na mwaka 2025 ikaishia mikononi mwa mahakama ya ufilisi. Waliojifunza programu yake ya kuburuta visanduku tu, ile Choregraphe, wako kwenye wasiwasi. Waliojifunza Python (lugha ile niliyoandikia mfano wa juu), jiometri na ROS 2, mfumo wazi wa programu za roboti za aina nyingi, wanahamia mashine nyingine wiki hiyohiyo. Wekeza kwenye vitu vinavyohamishika.

---

Mwl_Sengerema

Mkuu, nimekusoma kwa heshima zote, lakini niruhusu niseme kama mwalimu wa msingi. Darasa langu lina watoto zaidi ya themanini. Madawati hayatoshi, vitabu tunagawana. Siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi limetuweka karibu na mji, naweza kuja Mwanza na kurudi mchana huohuo, na kila nikija naona mabango ya teknolojia ya elimu. Naomba kuambiwa ukweli: roboti ya kichwa na mikono inamfundisha mtoto kitu gani ambacho mimi na chaki yangu hatuwezi? Sipingi, nauliza kwa sababu sisi ndio huletewa vitu hivi bila kuulizwa.

---

MwalimuWaMalimbe

Mwalimu, swali lako nalipa uzito kuliko yote hapa, kwa hiyo nitalijibu kwa ushahidi.

Kati ya mwaka 2016 na 2018 nchi kadhaa za Ulaya zilifanya mradi ulioitwa L2TOR kuona kama NAO inaweza kumfundisha mtoto mdogo lugha ya pili. Kwenye jaribio kubwa waliwapima watoto karibu 200 wa Uholanzi wenye umri wa miaka mitano hivi, waliokuwa wakijifunza maneno ya Kiingereza. Wengine walijifunza kwa tableti pamoja na roboti, wengine kwa tableti peke yake. Watoto walijifunza, lakini roboti haikuwazidishia maneno kuliko tableti. Matokeo hayo yamechapishwa na waliofanya kazi wenyewe, na mimi nayaheshimu sana. Kwa hiyo mtu akikuletea roboti akasema itafundisha kusoma kuliko mwalimu, muulize ushahidi wake uko wapi.

Ila kuna kazi nyingine ambayo mimi naiona ina uzito. Kule EPFL waliendesha mradi wa CoWriter. Walichukua NAO wakaiprogramu iandike herufi vibaya makusudi, kisha wakamwambia mtoto aifundishe. Mtoto ambaye mwandiko wake ulikuwa dhaifu, aliyezoea kusahihishwa kila siku, ghafla amekuwa mwalimu. Anaandika herufi kwenye tableti kwa makini ili roboti iige, roboti inaboresha kidogo, mtoto anarudia tena. Hapo roboti haishindani na wewe mwalimu. Inampa mtoto mwanafunzi anayemzidi yeye kwa kutojua. Na Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, tangu mwaka 2005 wanatumia roboti iitwayo KASPAR kwa watoto wenye usonji, kwa kuwa uso wake rahisi na usiobadilika haraka unawapa watoto hao utulivu wa kujifunza zamu na hisia.

Kwa darasa la watoto themanini sishauri roboti. Nashauri mafunzo haya yaanzie sekondari na vyuoni, hasa sasa ambapo sera imefungua mkondo wa amali, ili siku kitu hiki kitakapofika Sengerema kiwe kimeprogramiwa na mtu anayelijua darasa lako.

---

Mwl_Sengerema

Nashukuru mkuu, hili la mtoto kufundisha roboti nimelielewa na limenigusa. Endelea, nafuatilia.

---

FundiKirumba

Kuna watu watatoka kwenye kompyuta watake kushika kitu. Nawapa ya kwangu ya upande wa umeme, maana wanaletwa kwangu na mashine zimeungua.

Servo ni mota ndogo inayogeuka mpaka pembe unayoiambia, na za MG996R ndizo wengi wananunua kwa miguu midogo. Ikiwa huru inakula umeme mdogo, lakini ikibanwa isogee, kama goti lililobeba mwili, inavuta mpaka ampea 2.5 hivi kwa volti 6. Tuseme miguu yako midogo ina servo sita. Piga hesabu, ni ampea 15 zikibanwa zote kwa pamoja. Halafu kijana anachomeka kwenye USB ya laptopu, ambayo kwa USB ya zamani inatoa nusu ampea. Matokeo ni servo kutetemeka, bodi kujizima na kujiwasha, na kijana anahangaika na programu siku nzima wakati shida ni umeme.

Fanya hivi. Servo zipe pawa saplai yake, bodi yako ya Arduino au ESP32 ipe yake, lakini waya wa hasi wa zote mbili uungane, la sivyo ishara hazisomeki. Karibu na mahali servo zinapoingilia weka kapasita ya mikrofaradi 1000. Tumia bodi ndogo ya PCA9685 ya kuongozea servo, ina njia 16, bodi yako kuu inatumia waya mbili tu kuiongoza. Ishara yenyewe ni mapigo 50 kwa sekunde, na pigo la milisekunde 1.5 linaiweka servo katikati. Kabla hujafunga mkono wa servo kwa skrubu, itume katikati kwanza. Wanaofunga kisha ndio wanawasha huvunja gia siku ya kwanza.

Betri za 18650 mnazotoa kwenye laptopu mbovu, angalieni sana. Mbili zikifuatana ni volti 7.4 na zikijaa zinapita 8, servo ya volti 6 haitaki hiyo, weka bodi ndogo ya kushusha volti. Na usichaji bila kinga halafu ukaenda kulala.

Fremu msingoje printa ya 3D. Mafundi wa madirisha ya alumini wana vipande vya kutupa kila siku. Ukichora vizuri wanakukatia, unatoboa mwenyewe.

---

MwalimuWaMalimbe

Wakuu, hii ya FundiKirumba hifadhini. Vijana wetu wa Jumamosi wanatumia vipande hivyohivyo vya alumini kwa mapaja na nyayo, na nyayo wanazibandika raba ya ndala chini zisiteleze kwenye vigae.

---

Hesabu_PCM

Shikamoo mwalimu. Mimi nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, nasubiri chuo. Nimepakua Webots na mkono umenyanyuka kama ulivyosema. Ila nikitaka roboti ichuchumae nabahatisha tu namba za goti na nyonga, mara inakaa, mara inaanguka. Kuna hesabu ya kujua kabla?

---

MwalimuWaMalimbe

Marahaba mdogo wangu, na hongera, umefika pazuri haraka. Hesabu ipo na umeshaifanya shuleni: kanuni ya kosaini.

Chukua mguu wa NAO. Paja lina milimita 100. Muundi, yaani goti hadi kifundo, una milimita 102.9. Nyonga, goti na kifundo vinatengeneza pembetatu. Tuseme unataka roboti ishuke mpaka umbali kutoka nyonga hadi kifundo uwe milimita 180. Pembe iliyo gotini inapatikana hivi:

kosaini ya pembe = (100² + 102.9² − 180²) ÷ (2 × 100 × 102.9)

Juu unapata −11,811.59, chini 20,580. Jibu ni −0.574, yaani pembe ya digrii 125. Mguu ulionyooka una digrii 180 gotini, kwa hiyo goti linakunjwa digrii 55, ambazo ni radiani 0.96. Hiyo ndiyo namba ya kutuma kwenye LKneePitch na RKneePitch. Kikomo cha goti la NAO ni digrii 121, kwa hiyo uko salama.

Goti likikunjwa peke yake, mwili utaegemea nyuma na kuanguka, na nadhani ndicho kinachokupata. Ili kiwiliwili kibaki wima, nyonga na kifundo navyo vikunjwe kuelekea upande wa pili, na jumla ya hizo mbili ilingane na goti. Kwa kuwa paja na muundi vinakaribiana urefu, anza kwa kugawa nusu kwa nusu: nyonga −0.48, kifundo −0.48, goti 0.96. Kwenye NAO viungo hivyo ni HipPitch na AnklePitch, vitangulize L au R. Usizirushe namba hizo kwa mkupuo. Gawa safari vipande vidogo, kila hatua ya simuleta ongeza kidogo mpaka ufike.

Hesabu hii, ya kuanza na mahali unapotaka mguu ufike kisha kurudi nyuma kutafuta pembe, ndiyo kazi ya kila siku ya wanaoprogramu mikono na miguu ya roboti. Ukifika chuo zidisha matriksi na vekta. Ukikutana na mwalimu anayefundisha matriksi bila kusema zinatumika wapi, wewe utakuwa unajua.

---

Hesabu_PCM

Imechuchumaa na kusimama! Nimeweka vipande mia, inashuka taratibu kabisa. Asante sana mwalimu.

---

Musoma_Ufukweni

Hongereni huko. Sisi wengine hatuna laptopu, tuna simu tu. Tumeachwa?

---

MwalimuWaMalimbe

Hamjaachwa kaka, ila njia yenu ni ndefu kidogo. Kwa simu unaweza kufungua Google Colab kwenye kivinjari, ukaandika Python, ukaweka MuJoCo na ukaendesha simuleta kwenye kompyuta zao, kisha video ikarudi kwako. Kioo ni kidogo na kuandika kunachosha, tafuta kibodi ya bluetooth. Upande wa Python yenyewe simu inatosha kabisa: masharti, mizunguko, orodha, kazi. Jipe muda ukamilishe hayo kwa simu, halafu tafuta rafiki au maktaba ya chuo yenye kompyuta kwa ajili ya Webots. Mtu anayefika kwenye kompyuta akiwa tayari anaijua Python hutumia saa mbili za kuazima vizuri kuliko mwenye laptopu yake anayeanzia sifuri.

---

Nansio_Dada

Mimi ni mwalimu wa chekechea Ukerewe. Nina swali moja tu: hiyo NAO inazungumza Kiswahili?

---

MwalimuWaMalimbe

Dada, umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo vumilia nirefuke.

Kwenye lugha ambazo NAO ilikuja nazo kiwandani, Kiswahili hakimo. Ukiiandikia sentensi ya Kiswahili na kuiambia isome, itaisoma kwa matamshi ya Kiingereza au Kifaransa na watoto hawataelewa. Lakini inaweza kucheza faili la sauti. Kwa hiyo sauti ya Kiswahili tunaitengeneza nje, kisha tunaipa icheze huku mikono ikisogea.

Mwaka 2023 Meta, wenye Facebook, waliachia mradi wa MMS wenye modeli za sauti, yaani programu zilizofunzwa kusoma na kusikia, za lugha zaidi ya elfu moja, na Kiswahili kimo. Ni ya bure kwa utafiti na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa upande wa kusikia, modeli ya Whisper ya OpenAI iliyotoka mwaka 2022 inaandika Kiswahili pia, na Mozilla kupitia Common Voice wanakusanya sauti za Kiswahili ambazo mtu yeyote anaweza kuchangia kwa simu yake na mtu yeyote akazitumia.

Kazi inaanza hapo, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu wa Paris au Tokyo hataona. Modeli ya MMS haisomi tarakimu. Ukiipa "2500" inanyamaza, inabidi programu yako iibadilishe kwanza iwe "elfu mbili na mia tano". Saa ya roboti inasema 08:00, na mtoto wa Nansio anajua ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo programu itoe sita kabla ya kusema. Vitu viwili, viti viwili, watoto wawili, meza mbili: roboti inayohesabu vitu mbele ya kamera ni lazima ijue ngeli ya kila kitu inachokiona, la sivyo itasema "watoto mbili" na watoto wenyewe wataisahihisha. Vijana wetu wametengeneza orodha ndogo ya vitu vya darasani, kila kimoja na ngeli yake, na NAO ya kwenye simuleta sasa inanyoosha mkono na kusema "naona viti vitatu". Nilipowaonyesha watoto wa jirani, mmoja aliingia kati ya kiti na laptopu akauliza kama na yeye inamuona.

Jambo la kusikia ndilo gumu zaidi. Modeli hizi zimefunzwa kwa sauti za watu wazima kwa kiasi kikubwa. Sauti ya mtoto wa miaka mitano ni nyembamba, maneno hayajakaa sawa, na darasani kuna kelele. Ongeza mtoto ambaye nyumbani anaongea Kikerewe au Kisukuma na Kiswahili anakianza shuleni kwako. Kuipima modeli kwa watoto kama hao, kujua inakosea maneno gani na kwa nini, huo ni utafiti kamili wa shahada ya uzamili, na hakuna mahali pa kuufanya vizuri kuliko kandokando ya ziwa hili. Ukirekodi watoto, idhini ya wazazi kwa maandishi ni lazima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtoto ni taarifa binafsi.

---

Nansio_Dada

Nimesoma mara mbili. Kama siku moja mtahitaji darasa la kupimia, na wazazi wakakubali, mimi nipo. Niandikie faragha nikueleze utaratibu wa kuomba kibali kwa mwalimu mkuu wangu.

---

MwalimuWaMalimbe

Nitakuandikia leo usiku dada. Asante sana.

---

Rock_Kijana

Mkuu narudi. Nimefuata ushauri, nimeanza na Webots. Kuchuchumaa kumekubali. Sasa nataka inyanyue mguu wa kushoto isimame kwa wa kulia. Kila nikinyanyua inaanguka kushoto. Nimejaribu kuinyanyua polepole, inaanguka polepole.

---

MwalimuWaMalimbe

Mkuu, kasi siyo tatizo. Umewahi kusimama kwenye mtumbwi ukataka kuvua kiatu kimoja? Kabla mguu haujaacha ubao, mwili wako unakuwa umeshahamia juu ya mguu mwingine. Roboti yako hujaiambia ihame.

Nyonga na vifundo vina viungo vya kulalia upande, vinaitwa HipRoll na AnkleRoll. Sogeza HipRoll zote mbili kiasi kilekile, na AnkleRoll zote mbili kiasi hichohicho kwa alama ya kinyume, ili kiwiliwili kihamie kulia huku nyayo zikibaki bapa sakafuni. Kama mwili unakwenda kushoto, geuza alama zote. Anza na radiani 0.1, kisha ongeza kidogokidogo.

Utajuaje umehama vya kutosha? Usikadirie kwa macho, soma nyayo. Chini ya kila mguu NAO ina vihisi vinne vya nguvu, kwenye pembe nne za unyayo, na mfano wa nao_demo unaokuja na Webots unaonyesha namna ya kupata namba zake. Ikisimama tuli, jumla ya miguu yote miwili inakaribia nyutoni 50, ambao ndio uzito wake. Kisha tafuta kitovu cha mgandamizo: zidisha kila nguvu kwa umbali wa kihisi chake kutoka katikati ya unyayo, jumlisha, gawa kwa jumla ya nguvu zote. Maadamu kitovu hicho kiko ndani ya unyayo wa kulia, haianguki. Kikifika ukingoni, inaanza kupinduka. Wazo hili lilianza na Miomir Vukobratović wa Yugoslavia mwishoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo roboti nyingi zinatembea kwa kulifuata.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: hamisha mwili kulia, subiri jumla ya mguu wa kushoto ishuke chini ya nyutoni 5, ndipo ukunje goti la kushoto. Mguu ukishaacha sakafu endelea kusoma kitovu, na kikielekea nje sogeza AnkleRoll ya kulia kukirudisha.

---

Rock_Kijana

Mguu wa kushoto unashuka mpaka nyutoni 11, hauendi chini ya hapo. Nikiongeza HipRoll zaidi, unyayo wa kulia unainuka upande mmoja.

---

MwalimuWaMalimbe

Umekaribia sana. Unyayo kuinuka ukingo maana yake AnkleRoll haijalingana na HipRoll, kiwiliwili kimehama lakini kifundo hakijafidia chote. Chapisha zote mbili kwenye skrini kila hatua, bila alama ziwe sawasawa kabisa. Pia nyanyua mkono wa kulia pembeni kwa RShoulderRoll, weka −1.0. Mkono ule una uzito, utakuvutia gramu mia kadhaa upande unaoutaka. Jaribu, halafu bandika hapa namba nne za unyayo wa kulia na nne za kushoto kabla hujakunja goti.